Nani Alishinda Jumapili Ile

Mimi mpira siupendi, na niliseme hilo mapema. Watu wakisikia kwamba nyumba yetu ya mjini Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa na redio, na kwamba Jumapili wanaume walijaa barazani kwangu hadi wengine wakakaa kwenye ngazi, hudhani ni mpira. Mpira ulikuwa kwa jirani. Kwangu walikuja watu wa mbio za magari, zile grand prix za Ulaya, na ugonjwa huo aliuleta mdogo wangu kama mtu anavyoleta kikohozi kutoka safari.

Alikuwa dereva. Kabla ya vita alikuwa akipeleka ndagala zangu, dagaa wa ziwani, Uvira kwa kamyoneti yetu na kurudi na chumvi, sabuni na vitenge. Siku moja huko Uvira alikaa kwenye baa yenye televisheni akaona magari yasiyo na paa yakizunguka mji wa watu matajiri kando ya bahari. Alirudi hawezi kuzungumza jambo jingine. Chakula kilipoa mbele yake. Mama alidhani amepata mwanamke.

Kisha vita vya pili vya nchi yetu vikaingia, na askari wakakaa Baraka, na wapiganaji wengine wakakaa milimani, na sisi tukakaa katikati. Barabara ya Uvira ikaota majani. Baada ya mauaji ya Makobola, kwenye barabara hiyo, hakuna aliyekwenda huko bila sababu ya kufa na kupona. Petroli ilikuwa ya askari peke yao. Ndipo mdogo wangu, katika mji usio na gari hata moja la raia linalotembea, alipopata wenzake wa kubishana naye kuhusu mbio za magari. Watu waliokwenda Fizi kwa miguu, na mzigo kichwani, walikaa kwangu wakigombana kama kona fulani ya Italia inahitaji gia ya tatu au ya nne. Nilikuwa nikiwatukana. Nilikuwa pia nikiwapikia chai, kwa sababu ukweli ni kwamba nilipenda kuwasikia. Saa hizo hakuna aliyetaja nani ameuawa wapi.

Redio ilikuwa ya kwangu, na mabuye yake, yaani betri, niliyaanika juani tangu asubuhi kama samaki ili yapate nguvu kidogo. Tulisikiliza idhaa ya Kifaransa. Haikutangaza mbio nzima. Iliingiza maneno machache kati ya mpira na baiskeli: huyu yuko mbele, yule ameingia kubadilisha magurudumu, mvua imeanza. Halafu inaondoka zake. Kilichobaki wanaume walikikimbia wenyewe kwa mdomo mpaka redio irudi. Majina ya madereva waliyajua yote lakini hawakuyatumia. Walisema gari jekundu na gari la fedha, na kila mtu alikuwa na lake.

Mdogo wangu alikuwa wa fedha. Mkubwa wa wekundu alikuwa fundi, makanika aliyekosa kazi tangu magari yaishe, mtu wa sauti kubwa na mikono ambayo bado ilinuka oili ingawa sijui oili aliipata wapi. Hao wawili walipendana kwa namna ya kugombana. Kwa muda wote niliowajua, fundi hakuwahi kukubali kwamba gari la fedha limefanya jambo jema. Likishinda, alisema jekundu liliharibika. Jekundu lisipoharibika, alisema mtangazaji amelipwa.

Walikuwa na sheria moja. Mtu aliyekosa mbio, kwa malaria, kwa shamba au kwa kukimbia masasi ya bunduki, hakuambiwa mshindi. Kumwambia lilikuwa kosa kubwa. Alikalishwa akasimuliwa toka taa za kuanzia mpaka mwisho, kila mtu akitoa kipande chake, naye akapata haki ya kuogopa na kufurahi kama wenzake. Fundi aliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, alikokuwa amekimbilia, alisimuliwa mbio tatu kwa mkao mmoja. Maharage yangu yaliungua siku hiyo na bado tuliyala.

Sasa niseme kuhusu kamyoneti. Ilikuwa nyuma ya nyumba, imekaa juu ya matofali, haina magurudumu. Vioo tulivipaka matope. Viti tulivitoa tukaviweka barazani, na ndivyo wanaume walivyokalia siku za mbio. Kile cha dereva kilikuwa cha mdogo wangu na hakuna mwingine aliyekigusa. Kuku walitaga ndani ya gari. Magurudumu tuliyafukia chini ya kichanja cha kuanikia ndagala, ambapo harufu ilimfukuza kila mwenye pua. Askari walikuja mara kadhaa, wakaipiga teke, wakasema ni maiti, wakaondoka.

Tulifanya hivyo kwa sababu gari likichukuliwa lilichukuliwa pamoja na dereva wake. Alilazimishwa kuwapandisha askari Fizi, na ile njia ya mlimani ilikuwa na watu wanaongoja kwenye majani. Anayepigwa kwanza ni dereva. Tulikuwa tumezika wawili wa mtaa wetu kwa namna hiyo. Kwa hiyo sikuwa nalinda chuma. Kila Jumamosi mdogo wangu aliingia chini ya kamyoneti akaizungusha injini kwa mkono na kuipaka mafuta ya mawese, kisha akaifunika tena, na mimi nilisimama kwenye kona ya nyumba nikitazama njia.

Ugomvi ulianza redio iliposema kwamba gari jekundu liliingia, likabadilishwa magurudumu yote manne, likatoka, yote hayo kwa muda ambao mtu hajamaliza kusema Baba Yetu. Mdogo wangu alisema huo ni uongo. Yeye alikuwa amebadilisha magurudumu kwenye matope ya Mboko, usiku na mchana, na anajua. Fundi alisema inawezekana, watu wakiwa watatu kwa kila gurudumu: mmoja anatoa, mmoja anaweka, mmoja anakaza. Walibishana mpaka kwenye mlango wa kanisa. Walibishana kwenye matanga ya mtu, nikaona aibu. Fundi alikasirika hadi akaacha kunywa chai yangu. Mbio nyingine zilikuwa zinakaribia na hakuna aliyezungumzia nani atashinda. Wote walikuwa kwenye magurudumu.

Jumapili ya mbio, tulipotoka kanisani, fundi alikuja na jeki na spana. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia akirudi nyumbani kwake na vyuma vyake atakuwa amefanya jambo la akili la kwanza mwaka huo. Wenzake walikuwa nyuma yake, kumi na zaidi, na katekista akiwa kati yao. Mdogo wangu alikuwa anaitazama kamyoneti, na nilipouona uso wake nilijua nimeshindwa.

"Hii gari ikisimama kwa miguu yake," nilimwambia, "ni we askari batapeleka."

"Kidogo tu, Yaya. Tunatoa tena mbele ya mbio kuanza."

Yaya kwetu ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Akiniita hivyo kwa sauti ile, alikuwa anaomba. Na nilielewa anaomba nini. Mtu huyo alikuwa dereva, na kwa miaka kazi yake ilikuwa kuhakikisha gari lake linaonekana limekufa.

Wakafukua. Wakapanga watu watatu kila pembe, kama redio ilivyoeleza. Taabu ni kwamba spana ilikuwa moja kwa magurudumu manne, kwa hiyo wa kukaza walikaza nati kwa vidole na fundi akakimbia kutoka pembe hadi pembe kumalizia kwa chuma. Katekista alisimama juu ya tofali akaanza Baba Yetu. Alimaliza Baba Yetu, gurudumu la kwanza bado linatafuta tundu lake. Akaingia Salamu Maria. Akaingia Nasadiki. Mtu mmoja aliangukiwa na gurudumu akakaa nalo mapajani kama mtoto. Kuku walitoka kwa kelele. Katekista alipofika kwenye ufufuko wa wafu alicheka akashindwa kuendelea, na sisi wote tukacheka, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Ulikuwa muda mrefu tangu nicheke hivyo, na hata sasa nikikumbuka sehemu hiyo nacheka peke yangu kabla sijakumbuka iliyofuata.

Mdogo wangu hakutoa maneno ya ushindi. Aliizunguka kamyoneti ikiwa imesimama, akaipitishia mkono ubavuni, taratibu. Fundi alikuwa amemaliza gurudumu la tatu. Lile la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa bado na nati za vidole tu.

Hapo mtu akaita kutoka barazani kwamba mbio zimeanza. Wakakimbia wote. Fundi alikimbia na spana mkononi. Nikawaita kuhusu magurudumu, wakajibu watayatoa baadaye, redio ikitulia. Nilisimama peke yangu na gari lile. Ningeweza kutoa nini, mimi na jeki nisiyoijua. Nikaenda kusikiliza.

Gari jekundu lilikuwa mbele, la fedha likifuata karibu sana. Redio ikaondoka, ikarudi, bado ni vile vile. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake, amejiinamia, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu. Ndipo nilipoona viatu vya askari kwenye ngazi.

Gari lao lilikuwa limekufa Mboko wiki hiyo, na walikuwa wanatafuta jingine mji mzima. Vicheko vyetu viliwaleta. Komanda wao alikuwa mtu mpole wa maneno, alitusalimia, akauliza mbio zinaendaje. Alipita nyuma ya nyumba na tukasikia viatu vyake vikisimama. Aliporudi aliuliza dereva ni nani.

Mdogo wangu akainuka. Nilimchukia kwa kuinuka upesi namna ile, lakini asingeinuka wangewapiga wengine mpaka mmoja amtaje, na wote pale tulijua.

Walileta betri na petroli kutoka kambini. Walikiinua kile kiti cha barazani wakakirudisha ndani ya gari, pamoja na mto mdogo niliokishonea. Injini iliwaka alipojaribu mara ya pili tu, maana aliitunza vizuri. Askari wakapanda nyuma na bunduki zao. Fundi alikuwa amesimama karibu na gurudumu la kushoto, spana bado mkononi.

"Chef," alisema, "huku nyuma boulon za gurudumu hazi..."

"Tulikaza yote, fundi," mdogo wangu akamkata. Alimtazama mpaka fundi akashusha spana.

Mimi nilielewa pale pale. Nati zikikazwa, gari litapanda mlima hadi kwenye majani ambapo watu wanangoja. Zisipokazwa, huenda litaanguka bado liko tambarare. Alichagua kuanguka. Aliingia, akakishika kile kiti chake kama kwamba anakipima, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Unisikilizie, Yaya. Usiniambie mwisho mpaka nirudi."

Gari likaenda. Lilikwenda polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani, na nilitazama gurudumu lile la nyuma mpaka vumbi likalifunika.

Tulirudi kwenye redio. Sijui tungefanya nini kingine. Pale kiti kilipokuwa palibaki mraba wa sakafu safi na hakuna aliyeukanyaga. Redio ilisema mvua imeanza, ilisema imebaki mizunguko michache, jekundu mbele, la fedha nyuma yake, kisha sauti ikaanza kufifia. Fundi aliyatoa mabuye akayang'ata moja moja kwa meno, kama tulivyofanya yakichoka, akayarudisha. Redio ikasema neno moja ambalo hatukulishika, ikanyamaza kabisa. Wanaume waliondoka bila kuagana. Jirani wa mpira bila shaka alijua nani ameshinda, na asubuhi nilimtumia neno kwamba asithubutu kumwambia mtu yeyote wa barazani kwangu. Alielewa. Mdogo wangu alikuwa hajasimuliwa bado.

Habari zilikuja na wanawake waliotoka shamba. Gurudumu lilichomoka kabla ya mlima, kamyoneti ikaingia mtaroni, hakuna aliyekufa. Nikamshukuru Mungu, nikamaliza kushukuru, ndipo mwanamke mmoja akaendelea. Askari waliokota zile nati njiani, moja hapa, moja pale, zote nzima. Wakasema amefanya makusudi. Waliichoma kamyoneti na kumpeleka Fizi kwa miguu, amefungwa.

Mama na padri wetu walipanda Fizi na mbuzi wawili. Mimi nilibaki na hasira yangu nyumbani. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Niliwajibu watu vibaya. Fundi sikumwona, alikuwa akipita njia ya ziwani, ndefu mara mbili, ili asipite mbele ya nyumba yetu. Nilimlaumu, na nilijua kwamba nami nilicheka siku ile, na kujua hivyo hakukunipunguzia kitu. Nilitaka mdogo wangu arudi na nilitaka mtu wa kumpiga.

Alirudi anatembea, mama mbele, padri nyuma. Uso ulikuwa mzima. Mkono wa kulia, ule wa gia, ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha padri, na nilipofungua nikaona vidole havikuwa tena vidole vya kushika kitu. Waliviweka juu ya jiwe, alisema. Alikula. Alilala. Alipoamka aliuliza fundi yuko wapi, na kwa nini watu hawajaja, maana yeye bado hajasimuliwa.

Nikamtuma mtu. Fundi alikuja pamoja na wenzake, akasimama chini ya ngazi, hakutaka kupanda.

"Panda, we mwekundu," mdogo wangu akamwambia. "Nisimulie nilipoacha."

Wakakaa kwenye mikeka. Wakaanza, kila mtu kipande chake, kwanza kwa sauti ya matanga, kisha wakachangamka kidogo, kwa sababu mbio zilikuwa nzuri kweli. Mdogo wangu alikaa nimemshikia mkono kwenye maji ya chumvi, anasikiliza, macho kwa msemaji. Wakafika kwenye mvua. Wakafika kwenye ile mizunguko michache. Wakaishia hapo, wakanitazama mimi, mwenye redio. Nilikuwa nafungua mdomo kusema mabuye yalikufa na hakuna anayejua.

"Ya kwako ilipita," fundi akasema.

Watu wote waligeuka. Fundi alikuwa anatazama mkeka.

"Ku virage, kona ya mwisho. Nyekundu iliteleza na mvua, ya kwako ikapita kwa ndani. Ilishinda. Mi mwenyewe nilisikia."

Mtu huyo hakuwahi kulikubalia gari la fedha hata kona moja. Nilingoja mmoja wao aseme kwamba redio ilikufa mikononi mwa fundi mwenyewe, lakini katekista alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na mwingine akasema ndiyo, kwa ndani, na mwingine akaongeza kwamba mtangazaji alipiga kelele. Mdogo wangu akauliza ilipita kwa nafasi kubwa au ndogo. Fundi akasema ndogo, upana wa kiganja. Akauliza jekundu lilimaliza la ngapi. La pili, akasema fundi, na jasho lilikuwa likimtoka kama mtu anayebeba gunia. Mdogo wangu akacheka, akamwambia leo amesema kwa mdomo wake mbele ya mashahidi na hatamwachia kusahau. Fundi naye alijaribu kucheka, ikamtoka sauti nyingine, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Siku hiyo alikunywa chai yangu, vikombe viwili.

Walipoondoka nilikuwa nafunga kitambaa kipya. Sikuweza kunyamaza, sijawahi kuweza. Nilimwambia fundi amemdanganya, kwamba redio ilizima kabla ya mwisho na wote wale walikuwa waongo, pamoja na katekista wa kanisa.

"Najua," alisema. "Kule Fizi komanda alikuwa na redio, ku chumba ya pembeni. Habari ya usiku ilirudia mbio, nilisikia yote. Ni nyekundu njo ilishinda."

Nilimuuliza walikuwa wakimfanya nini alipokuwa anasikia. Alininyoshea mkono nimalizie kufunga. Nikamuuliza basi kwa nini amemwacha fundi aseme uongo wote ule, na kona, na mvua, na upana wa kiganja, akimtazama tu.

Alikuwa anajaribu kukunja vidole ndani ya kitambaa, na havikukunjika.

"Alikuwa anataka kunipa kitu, Yaya. Hana ingine."

Kisha akaniambia nisisahau kuyaanika mabuye, maana Jumapili ilikuwa karibu.